Je, Wajua? Karanga na Mtoto Mchanga

Kumchelewesha mtoto kula karanga kunaweza kumwongezea hatari ya mzio wa karanga! Mwaka 2008 watafiti walionyesha kuwa watoto wa Kiyahudi walioishi Uingereza walikuwa na mzio huo mara 10 zaidi ya wenzao wa Israeli. Kule Israeli, wengi huanza kula karanga kabla ya kutimiza mwaka, hasa katika vitafunio laini viitwavyo Bamba.

Jaribio la London la watoto 640 likathibitisha mwaka 2015: kuanza mapema kulipunguza mzio kwa takriban asilimia 80.



Lakini punje nzima ya karanga inaweza kumpalia mtoto; mpe iliyosagwa laini. Mwenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai amwone daktari kwanza.