Kiama Kinachorwa Eastlands, Nani Atalipia Toleo la Pili?

Katuni ya Kenya iliyofika mbali kuliko nyingine zote katika karne hii haikuwahi kuuzwa. Shujaaz ilipoanza mwaka 2010, msomaji aliipata bure ndani ya Daily Nation au kwa wakala wa M-Pesa, mamia ya maelfu ya nakala kila mwezi, ikizungumza Sheng ya vijana wa mitaani. Ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012, ikashinda tena 2014. Bili ilikuwa juu ya wafadhili na mashirika yaliyotaka vijana wapate ujumbe kuhusu kilimo, fedha, afya na uraia. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, akajiundia kituo cha redio nyumbani na kuanza kuteka masafa ya FM.

Kazi hiyo ilikuwa nzuri, na iliwalipa wachoraji wa Nairobi wakati wengi hawakuwa na pa kwenda. Lakini ilimzoesha msomaji jambo ambalo wachoraji wanaendelea kuligharamia: kwamba katuni haina bei. Anayekaa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi kama Kayole, Umoja au Dandora, leo akitaka kuanzisha mfululizo wa hadithi za baada ya kiama, ile dunia iliyoporomoka ambamo wachache waliosalia wanagombania maji, mafuta na chuma chakavu, hatapungukiwa na hadithi. Atapungukiwa na mnunuzi wa toleo la pili.

Zamani soko lilikuwa gazeti. Jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lililoanza mwaka 1973 na kufa mwisho wa muongo huo, liliuzwa kwa wauza magazeti kama bidhaa nyingine yoyote. Juha Kalulu wa Edward Gitau alikaa miaka na mikaka katika Taifa Leo. Akokhan, shujaa wa kale wa Frank Odoi, Mghana aliyeishi Nairobi hadi kifo chake mwaka 2012, naye alipata wasomaji kupitia gazeti. Mhariri alimlipa mchoraji, gari la gazeti likasambaza, na mchoraji hakuhitaji kujua bei ya karatasi. Sasa wanunuzi wa magazeti ya karatasi wamepungua, kurasa nazo zimepungua, na katuni ya kisiasa ndiyo iliyobakiziwa nafasi. Hadithi ndefu ya kuendelea haina pa kulala.

Hata hivyo malighafi ni tele. Vijana wa Eastlands walilelewa na vibanda vya video, na sauti waliyoisikia humo mara nyingi haikuwa ya mwigizaji bali ya DJ Afro, anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng hadi adui wa Hong Kong anaonekana mtu wa soko la Gikomba. Huo ni uandishi. Umefundisha kizazi kizima kwamba hadithi ya mbali inaweza kupewa mdomo wa nyumbani bila kuomba ruhusa. Kuna pia vitabu na majarida ya mitumba yanayotandazwa kando ya barabara za jiji, yale mteja anayoinama kuyachagua, na kuna matatu. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, ya Buruburu au Umoja hubeba ubavuni nyuso za wanamuziki, wachezaji na mashujaa wa filamu, zimepakwa kwa rangi ya kupuliza na watu ambao hawajawahi kukanyaga chuo cha sanaa.

Kisha kuna Dandora. Dampo lake la taka lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na taka zikaendelea kumwagwa kama kwamba tangazo hilo halikutolewa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha utafiti uliopima watoto 328 wa eneo hilo, na takriban nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha kutisha. Mwandishi wa Tokyo au London akitaka mandhari ya dunia iliyokwisha, hujifungia chumbani kuyawaza. Kwa mchoraji wa hapa, moshi unaingia dirishani. Cyrus Kabiru, msanii aliyezaliwa mwaka 1984 na kukulia karibu na dampo hilo, alitengeneza miwani ya ajabu kwa nyaya, vifuniko na vyuma vilivyotupwa, akazitembeza katika maonyesho ya ng'ambo. Wanaomnunua ni wa majumba ya sanaa, wala si wa Tena au Komarock, lakini alionyesha kwamba taka ya Eastlands ina sura yake na haihitaji kuigwa kutoka filamu za Mad Max.

Ukivuka kwenda Kariobangi Light Industries utaona teknolojia ya hadithi hizo ikifanya kazi mchana kweupe: mabati yanakunjwa, injini zinafufuliwa, skrepa inapimwa kwenye mizani. Maji nayo yana ratiba ya mgao tangu 2017, na bei ya mtungi wa lita 20 hupanda mifereji ikikauka. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mambo yakageuka. Mto Mathare ukafurika, ukabeba nyumba, kisha matingatinga ya serikali yakaja kubomoa zilizobaki kando ya mto. Mwongozaji filamu Wanuri Kahiu aliliona hili la maji mapema. Filamu yake fupi Pumzi, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Sundance Januari 2010, imewekwa miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya kugombania maji, na watu wake husafisha jasho na mkojo wao ili wanywe. Ni filamu ya dakika zipatazo 20 tu, ilipigwa Afrika Kusini kwa fedha za wafadhili wa nje, na bado ndiyo kipimo cha kila anayejaribu aina hii Kenya.

Jambo hilo la fedha za nje linajirudia. Julai 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto, filamu fupi kumi za katuni za Kiafrika za wakati ujao, mojawapo ikiwa Enkai ya Mkenya Ng'endo Mukii. Huduma yenyewe ilikuwa haijafunguliwa rasmi Kenya. Mtoto wa mtaa wa Jericho akaona matangazo ya kazi iliyobeba jina la Kiswahili, asiweze kuinunua hata kama mzazi angekuwa na hela.

Pesa za mchoraji wa kawaida hutoka wapi basi? Hutoka kwa wachapishaji wa vitabu vya shule, hasa tangu mtaala mpya uanze mwaka 2017 na kuhitaji vitabu vyenye picha tele. Hutoka kwa kampuni za matangazo zinazotaka michoro ya awali ya video zao. Hutoka kwa wenye matatu, ingawa soko hilo hutegemea pumzi ya serikali; sheria za waziri wa uchukuzi Michuki za mwaka 2004 ziliwahi kufuta michoro yote ubavuni mwa magari na kuacha mstari wa njano. Na hutoka kwa mashirika yasiyo ya serikali, yenye masharti yao. Shirika linaweza kulipia katuni inayomfundisha kijana kunawa mikono. Halitalipia katuni ambayo mwaka 2090 mashirika yote yameondoka, jiji limezama na genge la Korogocho ndilo linalomiliki kisima cha mwisho. Hadithi ya baada ya kiama haina tabia ya kubadilisha wala kiashiria cha kuripoti kwa mfadhili. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu aina hii haijakomaa hapa, wala si uhaba wa vipaji.

Aina hii ina faida moja ya kibiashara isiyozungumzwa vya kutosha: haihitaji rangi. Akira ya Katsuhiro Otomo, iliyoanza mwaka 1982 katika jarida la Kijapani, ilikuwa nyeusi na nyeupe, magofu ya Tokyo yakichorwa kwa wino mtupu. The Walking Dead ya Robert Kirkman ilitoka Marekani kuanzia 2003 hadi 2019, matoleo 193, na kurasa zake za ndani hazikuwa na rangi. Vumbi, moshi na kutu hukaa vizuri katika wino mweusi. Kwa anayechapisha River Road, kuondoa rangi katika kurasa za ndani kunapunguza gharama ya sahani za chapa na kumwondolea mchoraji siku nyingi za kazi. Kijitabu kilichopigwa pini katikati hupangwa kwa kurasa zinazogawanyika kwa nne, basi hadithi ya kurasa 24 na jalada moja la rangi ni mwanzo wa busara kuliko albamu ya kung'aa inayotoka mara moja na kupotea.

Kirkman ana somo lingine. Kazi ile ilikuwa mali ya mwandishi wake, kwa hiyo televisheni ilipokuja mwaka 2010, alikuwa na cha kuuza. Kenya mambo ni tofauti kwa asiyesoma karatasi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa na mwajiriwa kazini, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Mchoraji akilipwa kwa kila ukurasa bila mkataba unaosema mhusika ni wake, amemuuza mhusika huyo, pamoja na filamu na fulana za kesho.

Simu imefungua mlango mwingine. Katuni za kusoma kwa kuteremsha kidole, zilizokuzwa na Wakorea, zinafaa skrini ya kijana aliye ndani ya matatu, na M-Pesa inaruhusu kulipisha shilingi 20 bila duka wala benki. Tatizo ni kwamba faili ya PDF ikishanunuliwa na mmoja, kundi zima la WhatsApp linaisoma jioni hiyo. Wanaoifahamu biashara hii huachia sura ya kwanza bure ili isambae, kisha hutoza zinazofuata na kuuza nakala za karatasi kwenye maonyesho. Si utajiri, lakini ni mapato yanayotoka kwa msomaji, na msomaji hana ripoti ya kuandikiwa.

Kwa hiyo, wewe unayechora kiama chako usiku huko Dandora: kabla hujapokea malipo ya ukurasa wa kwanza, andika mkataba unaokutaja kuwa mwenye mhusika, sajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) ili uwe na ushahidi, na usitoe toleo la kwanza mpaka la pili na la tatu yawe yamekamilika mezani.