Vigari vya Safari Mezani: Malezi ya Mikono na Subira



Swali limetufikia kutoka kwa mama mmoja, mtu wa pwani, anayeishi Ruiru na watoto wake watatu. Kijana wake wa miaka kumi na minne ameanza kuunda vigari vya plastiki vya mashindano ya zamani, vile vinavyouzwa ndani ya sanduku vikiwa vipande vipande. Baba haridhiki. Aonavyo yeye, huo ni utoto, ni fedha zinazoteketea, na pengine ni sanamu zisizofaa kuwekwa katika nyumba inayoswaliwa ndani yake. Mama naye asema kwamba tangu sanduku la kwanza liingie nyumbani, simu imepungua mkononi mwa mwanawe, na ile michezo ya kubahatisha aliyokuwa akiichungulia pamoja na wenzake haitajwi tena. Je, aliunge mkono jambo hili au alizuie?

Tuanze na hukumu. Maneno makali ya wanazuoni juu ya sanamu na picha yanahusu viumbe vyenye roho. Ama miti, majabali, majumba na vyombo, wengi wao hawakuona ubaya. Imepokewa kwamba Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza picha. Akamwelekeza atengeneze miti na visivyo na roho. Gari ni chombo, halina roho.

Zaidi ya hayo, vitu vya kuchezea vina wasaa wake katika dini. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, aliona miongoni mwa vichezeo vya Bibi Aisha farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alipouliza ni farasi gani huyo mwenye mbawa, Bibi Aisha alijibu kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakumkemea, wala hakuamuru kitu kile kitupwe. Nanyi kina mama zingatieni: mwenye farasi yule alikuwa wa kike. Basi binti naye akitaka kukaa mezani na kaka yake aunde gari, asifukuzwe kwa kuambiwa kwamba hiyo si kazi yake.

Sasa tutazame kazi yenyewe, kwani wazazi wengi huihukumu kabla ya kuijua. Ndani ya sanduku mna fremu za plastiki zilizoshika vipande vingi, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, pamoja na karatasi ya maelekezo. Kwanza fremu huoshwa kwa maji na sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke, la sivyo rangi haishiki. Kisha kila kipande hukatwa kwa koleo dogo, kikasuguliwa kwa msasa, kikajaribiwa mahali pake kikiwa kikavu, ndipo kikatiwa gundi. Rangi hupakwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka hungojewa ikauke. Nembo na namba za gari huloweshwa majini, zikateleza kutoka kwenye karatasi yake na kulazwa mahali pake kwa kibano. Mwenye haraka huharibu. Gundi ikidondoka kwenye kioo huacha doa lisilofutika, na rangi iliyoguswa kabla ya kukauka hubaki na alama ya kidole.

Kijana huyu hakuchagua gari la nchi ya mbali. Sanduku lake ni Datsun 240Z, lililotengenezwa na kampuni ya Hasegawa ya Japani kwa kipimo cha moja kwa ishirini na nne, mfano wa gari lililoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, matope na mito iliyofurika. Wazee wetu wanawakumbuka Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Gari aina ya Volvo PV544 alilolishindia Joginder mwaka 1965 halikuwa jipya. Lilikwisha kutumika kabla hajalipata yeye. Katika hilo mna funzo kwa kijana anayedhani kwamba hawezi kuanza jambo mpaka apate kifaa kipya.

Gari la kweli la Datsun lina urefu wa takriban mita 4.1, gawanya kwa 24, utapata kiasi cha sentimita 17. Hesabu ya uwiano inayomtoa mtoto jasho darasani huipata hapa mezani bila kulazimishwa. Na akitaka gari lake lionekane limetoka safarini, asinunue vumbi la dukani. Achote udongo mwekundu wa Ruiru, ule ule unaooteshwa kahawa, aukaushe, aupepete kwa kitambaa chepesi, aunyunyize kidogo chini ya milango na nyuma ya magurudumu.

Mzazi asemaye kwamba kuunganisha vipande vya gari ni mchezo usio na mbele, na atazame mji jirani wa Thika. Hapo pana kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, ambacho kwa miaka mingi kimeunganisha magari kutokana na vipande vinavyokuja masandukuni. Mwezi wa Desemba 2016 kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo. Mombasa nako kuna Associated Vehicle Assemblers inayofanya kazi ya namna hiyo hiyo. Masanduku yanayoshushwa Kilindini yana maelekezo, vipande na mpangilio wa kazi, na mikono inayoyafungua ni ya vijana wa nchi hii. Hatusemi kwamba kila mwenye kigari mezani atakuwa fundi wa kiwanda. Twasema kwamba mkono uliozoea kupima, kusoma maelekezo na kurudia palipokosewa haupotei bure. Allah ametueleza katika Qur'ani jinsi alivyomlainishia Nabii Daud chuma, akamwamrisha atengeneze deraya na akadirie vizuri pete zake. Nabii na mfalme aliamrishwa kukadiria pete! Basi kufanya kazi ndogo kwa umakini si jambo la kuchekwa.

Hata hivyo wasiwasi wa baba hauna budi kupewa haki yake, kwani halali nayo ina mipaka.

Mpaka wa kwanza ni afya. Sote twawajua watoto wa mitaani walioharibiwa na kunusa gundi, na mama akisikia harufu hiyo chumbani kwa mwanawe, moyo lazima upasuke. Basi kazi hii isifanywe chumbani na mlango umefungwa. Ifanywe kwenye meza ya sebuleni au barazani, dirisha likiwa wazi, mbele ya macho ya wakubwa. Rangi za maji ni bora kwa anayeanza, na viko vigari ambavyo vipande vyake hubanana vyenyewe bila gundi. Gundi na kisu akabidhiwe mtu mzima kila kazi inapokwisha.

Wa pili ni fedha. Masanduku haya hutoka ng'ambo na bei yake si ndogo. Tena wapenzi wa jambo hili wana maradhi mashuhuri: hununua masanduku mengi kuliko watakayoweza kuyaunda maishani. Huko ndiko kwenye israfu. Kanuni iwe nyepesi: sanduku la pili lisinunuliwe mpaka la kwanza likamilike, na kijana achangie kutokana na akiba yake. Pasipo na uwezo, pana gari la waya. Watoto wa Kenya wamelikunja tangu zamani, magurudumu yakiwa vifuniko vya chupa au vipande vya ndara kuukuu, na usukani ukiwa juu ya waya mrefu ili mwenye gari aliendeshe akiwa wima. Subira na vipimo vimo humo pia, na gharama yake ni kuokota.

Wa tatu ni nembo. Magari mengi ya zamani ya mashindano yalibeba matangazo ya sigara na ulevi. Lancia iliyoshinda Safari mwaka 1988 ilivaa rangi na jina la Martini, ambacho ni kinywaji cha kulevya. Kijana afundishwe kuchagua gari jingine, au kuiacha nembo ile kwenye karatasi yake. Gari halitapungua kitu, naye atakuwa amejifunza kwamba si kila kilichomo sandukuni lazima kipachikwe.

Wa nne ni Swala. Rangi inayokauka inaweza kungojea. Wakati wa Swala haungojei. Akiisikia adhana afunike kopo, akatawadhe. Akirudi ataikuta tabaka ya rangi imekauka.

Kwa hiyo jawabu letu kwa mama wa Ruiru ni hili: liunge mkono, kwa mipaka hiyo. Kwa baba tuna ombi moja. Asiwe hakimu wa mlangoni. Avute kiti jioni moja baada ya Maghrib, ashike kibano, amsomee mwanawe maelekezo. Kijana wa umri huo hawezi kuketishwa na baba yake aulizwe uso kwa uso ni nani aliomfundisha kubahatisha, atanyamaza. Lakini watu wawili walioinamia kazi moja, mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa chini, huzungumza mengi. Michezo ya kubahatisha humteka kijana aliyeachwa peke yake, na simu haijawahi kukosa nafasi ya kumpokea.

Allah awatengeneze wana wetu, wa kiume na wa kike, aibarikie mikono yao, na atujaalie sisi wazazi wasaa wa kukaa nao. Amin.