Uzima, Uzazi, Mapendo: Umoja wa Watu katika Mafundisho ya Jamaa

Wasomaji wengi wa falsafa ya Kiafrika hulijua jina la Padri Placide Tempels kwa ajili ya kitabu kimoja tu, La philosophie bantoue, kilichotolewa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1945. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Mfransisko huyo kutoka Ubelgiji alianzisha baadaye huko Kolwezi jumuiya iitwayo Jamaa, na kwamba mafundisho ya jumuiya hiyo yalitolewa kwa Kiswahili. Katika makala haya twataka kuuangalia upande huo wa pili. Swali lililomo ndani ya kitabu, yaani namna gani watu wa mila nyingi waweza kuwa wamoja pasipo mila zao kufutwa, lilishughulikiwa vizuri zaidi, kwa maoni yetu, katika kambi za wachimba madini kuliko katika kurasa zake.

Tempels alifika Kongo mwaka wa 1933 akaishi miaka mingi kati ya Baluba wa Katanga. Hoja yake yajulikana: kwa Wabantu, kuwapo ni kuwa na nguvu ya uhai, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua kwa kadiri ya uhusiano wa mtu na wenziwe, wazee wake, wafu wake na Mungu. Kwa mmisionari wa siku zile kusema kwamba watu aliotumwa kuwafundisha walikuwa tayari na falsafa yao lilikuwa jambo la ujasiri. Hata hivyo, aliyoyasikia kwa Baluba aliyavika Wabantu wote, kana kwamba mamilioni ya watu wangekuwa na wazo moja pasipo mtu kulifikiri. Aimé Césaire aliishambulia falsafa hiyo mwaka wa 1950 kwa kuwa iliwapa wakoloni raha; Fabien Eboussi Boulaga akaichambua mwaka wa 1968, na Paulin Hountondji akafuata. Alexis Kagame wa Rwanda alikuwa amekwisha kushika njia nyingine mwaka wa 1956: alijifunga kwenye lugha moja, Kinyarwanda, akachunguza kwa makini yale ambayo sarufi yake yaweza kuyashuhudia.

Sasa twende Kolwezi, ambako Tempels alihamia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imekusanya katika kambi zake wafanyakazi wa asili mbalimbali: Wakatanga wenyewe, watu wa Kasai, na wengine ambao wazazi wao waliandikwa kazi kutoka Ruanda-Urundi au ng'ambo ya mpaka wa kusini. Jirani hakuijua lugha ya mamaye jirani. Kiswahili kiliwaunganisha, nacho hakikuwa lugha ya mababu wa yeyote kati yao. Kilikuja na wafanyabiashara, kikakuzwa na serikali, misheni na kampuni. Kwa hiyo kilikuwa pia lugha ya amri. Yatupasa kulikumbuka hilo tusije tukakisifu kupita kiasi.

Katika lugha hiyo ya kazi, Jamaa ilichagua maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Pwani mtu akisema uzima huenda akafikiri afya. Lakini neno lina upana zaidi, kwani mzima ni aliye hai, asiyepungukiwa na kitu, na tena aliyekomaa. Wanajamaa waliushika upana huo wote. Uzazi nao haukuishia katika kupata watoto wa mwili. Mume na mke waliokwisha kufundishwa waliwafundisha mume na mke wengine, wakawa baba na mama zao wa kiroho, na wale waliozaliwa hivyo walipanda hatua kwa hatua, kila hatua ikiitwa njia. Mapendo (twaona wingi huu, ambapo pwani husema upendo) ndiyo yaliyofanya uzazi huo uwezekane.

Hapo ndipo ilipo tofauti na kitabu. Kitabu kilitafuta umoja katika wazo linalodaiwa kuwa la wote. Jamaa iliutafuta katika kukutana, watu wawili kwa watu wawili, nyumba kwa nyumba. Mluba wa Kasai aliweza kuzaliwa kiroho na mtu wa kabila lingine bila kuacha kuwa Mluba. Padri mwenyewe aliingizwa katika uhusiano huo: alihesabika kuwa amepokea uhai kwa wale aliowafundisha, jambo ambalo halikuzoeleka kati ya mzungu na wafanyakazi weusi. Wala tusiichanganye Jamaa na ujamaa wa Mwalimu Nyerere, ambao ni siasa ya nchi na uchumi wake. Asili ya neno tu ndiyo moja.

Tempels alirudi Ubelgiji mwaka wa 1962, akafa huko mwaka wa 1977. Jamaa iliendelea bila yeye, ikagombana na wakuu wa Kanisa, na baadhi ya wafuasi wake wakatengwa. Lakini jaribu zito lilikuwa jingine. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi katika mkoa wa Shaba, na Kolwezi ilikuwa mojawapo ya miji hiyo. Wengi walizaliwa hapo hapo; Kiswahili walikisema sawa na waliowafukuza. Lugha moja haikutosha kuwalinda.

Je, hilo laipinga falsafa ya Jamaa? Kwa sehemu, ndiyo. Umoja unaojengwa kwa kukutana una nguvu kwa wale waliokutana. Kwa jirani ambaye hatujafika mlangoni pake, au ambaye mwanasiasa ametangulia kutuambia habari zake, mafundisho yale yalikuwa na machache ya kusema. Katika maneno matatu ya Jamaa, haki haimo. Twafikiri upungufu huo wastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko sifa na lawama zilizokwisha kumwangukia Tempels. Mafundisho mengine yalinaswa kwa kinasasauti katika miaka ya 1960 na mtafiti Johannes Fabian, aliyetoa kitabu juu ya Jamaa mwaka wa 1971. Mwanafunzi atakayeyachunguza maneno ya wazee hao, akitazama wanamtajaje mgeni na mtu wa nje, atakuwa ameanza kazi hiyo.