Bibi hakuwa mkali, filamu ndiyo ilikuwa mvivu

Ukifika Ushetu, nyumba ya mzee yeyote mwenye heshima zake, ukishasema mwangaluka na kupewa kigoda, inua macho ukutani. Utaikuta tu. Picha nyeusi na nyeupe, fremu ya mbao, kioo kimeingia vumbi kwa ndani. Babu kasimama wima kama mlingoti wa bendera. Bibi kakaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Katikati mtoto katumbua macho utadhani kaona chui. Hakuna anayecheka. Hata jino moja halionekani.

Sisi vijana wa mjini tukiziona picha hizi tunakonyezana: wazee wa zamani walikuwa wakali, bwana! Wee acha tu, wengine wanasema hawakuwa na mapenzi. Leo nimeamua kuwatetea. Nyingi ya sura zile za kununa zilitokana na filamu, wala si tabia.

Kwa wale wa Dar wanaodhani kanda ya ziwa ni Mwanza peke yake, Ushetu iko mkoa wa Shinyanga, ni halmashauri iliyomegwa kutoka Kahama mwaka 2012, makao yake makuu Nyamilangano. Huko wanalima tumbaku. Ukitaka dhahabu unapanda kaskazini, Bulyanhulu na kwingineko hadi Geita. Mshiko wa tumbaku ukishaingia, siku ya gulio watu wanavaa, na mpiga picha hakosi chakula.

Sasa tuingie kwenye filamu. Kila pakiti ya filamu ina namba, mabwana picha wanaiita ASA. Namba kubwa maana yake filamu inashika mwanga haraka. Namba ndogo, filamu mvivu: inataka mwanga mwingi ndiyo iamke. Simu yako hiyo ikiwa gizani inapandisha namba hadi maelfu bila hata kukuuliza. Zamani haikuwa hivyo. Kodachrome, ile filamu ya rangi ya Kodak iliyosifiwa dunia nzima, ilipotoka mwaka 1935 haikuzidi ASA 10. Ukiweka filamu ya ASA 50 badala ya 400, unahitaji mwanga mara nane. Mara nane, msomaji wangu!

Ndiyo maana bwana picha alikutoa nje. Ndani ya nyumba yenye dirisha la ukubwa wa daftari angepiga giza tupu. Alikuweka uani, akatandika kitenge au shuka ukutani, akakugeuzia juani, halafu akasema tulia. Kutulia kwenyewe ndiyo kasheshe. Kamera za sanduku, kama zile Brownie za Kodak zilizoanza kuuzwa mwaka 1900 kwa dola moja ya Kimarekani, shata yake hufunguka kama sehemu moja ya hamsini ya sekunde au polepole zaidi. Ukitikisa kichwa, umepotea. Kucheka nako ni kutikisika. Na studio, kwenye taa hafifu, shata ilikaa wazi muda mrefu zaidi. Jaribu kushikilia tabasamu bila kupumua uone linavyogeuka kuwa la mtu anayeumwa jino.

Halafu kuna hesabu ya pesa. Roli moja kwenye kamera ya sanduku iliyo maarufu zaidi ilitoa picha nane tu. Kwenye Yashica, Lubitel ya Kirusi au Seagull ya Kichina, zile za kuangalia kwa juu kama unachungulia kisima, picha kumi na mbili. Nani atakubali kurudia kwa sababu umecheka? Picha yenyewe umeilipia, na pengine ndiyo utakayopiga hadi kufa kwako.

Kwa taarifa yako, kamera ilitaka kufika Unyamwezi tangu mwaka 1860. Waingereza wawili, Speke na Grant, waliondoka Zanzibar kutafuta chanzo cha Mto Nile, na Grant ndiye aliyekuwa mpiga picha. Enzi hizo hata filamu haipo. Unapaka dawa kioo, unapiga kikiwa bado kibichi, unakisafisha hapohapo ndani ya kihema cheusi kabla hakijakauka. Joto la humo ndani si mchezo. Speke aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba aliirudisha kamera pwani kwa sababu kazi ile ingemuua mwenzake. Mwaka 1861 Grant akakaa miezi kadhaa Ukuni, ambayo ndiyo Ukune, leo ni kata ya Ushetu. Alikuwa anachora kwa penseli. Fikiria, mababu wa Ukune wangekuwa na picha zao za mwaka 1861. Kioo kivivu kimewanyima.

Sasa kuna jambo moja linaniudhi, na nitalisema. Kwenye picha nyingi za wazee wetu shati linaonekana, kiti kinaonekana, mpaka vifungo unavihesabu. Uso ni doa jeusi. Watu wanasema bibi alikuwa mweusi sana. Si kweli! Filamu nyingi za mwanzo zilikuwa kipofu wa rangi nyekundu. Zinaona buluu, zinaona kijani, nyekundu zinaiona kama giza. Ngozi yetu ya kahawia ina wekundu mwingi ndani yake, basi filamu ikaifanya kuwa giza juu ya giza. Ongeza jua la saa sita mchana. Huku kwetu linasimama utosini, linachimba vivuli chini ya nyusi, na mzee naye kavaa kofia. Macho yakaliwa yote.

Ilipokuja filamu ya rangi mambo hayakunyooka. Kodak walikuwa na kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, wakaiita Shirley, na maabara zilisawazisha rangi kwa kumfuata yeye. Sura ya Shirley ikikaa sawa, kazi imekwisha. Mswisi mmoja mtengeneza sinema, Jean-Luc Godard, alialikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 akakataa kutumia filamu za Kodak, akisema zina ubaguzi wa rangi. Na unajua nani walisaidia hali ikabadilika? Waliokuwa wafanyakazi wa Kodak walisimulia baadaye kwamba walisumbuliwa na watengeneza chokoleti na watengeneza samani, waliotaka kahawia ya bidhaa zao ionekane vizuri kwenye matangazo. Chokoleti ikatutangulia, jamani.

Basi mabwana picha wa vijijini walifanya maarifa. Anayeijua kazi yake hapigi saa sita. Anasubiri saa tisa, saa kumi, jua limeinama, anakugeuza bega kidogo uso ushike mwanga wa pembeni. Anakuvua kofia. Wengine walikuweka mbele ya ukuta uliopakwa chokaa ili mwanga urudi usoni. Hakuna chuo kilichowafundisha hayo.

Najua sasa hivi kuna mshikaji anasoma hapa na nyumbani kwao kuna kamera ya marehemu babu, imekaa juu ya kabati. Usiiuze kwa vyuma chakavu. Inaweza kupiga picha leo, kwa filamu ileile mvivu, na itakupa picha laini bila chengachenga ambazo simu yako haiwezi kuziiga.

Kwanza angalia inatumia filamu gani. Kama ni 120, una bahati, maana saizi hiyo ilianza mwaka 1901 na hadi leo inatengenezwa. Kama ni 620, Kodak waliiacha mwaka 1995, lakini filamu yenyewe ni upana uleule wa 120, tofauti ni kijiti cha kuzungushia tu. Unaingia gizani na vijiti viwili vya zamani, unaihamishia. Kamera za mkanda mdogo wa milimita 35, Zenit na wenzake, hazina tabu.

Wengi wanaharibu hapa: wananunua filamu ya ASA 400 wakidhani kali ndiyo bora. Kamera ya sanduku ilitengenezwa kwa ajili ya filamu mvivu. Tundu lake dogo na shata yake ya polepole vinaelewana na ASA 50 kwenye jua kama pete na kidole. Ukiweka 400 unaizamisha kwa mwanga mara nane zaidi. Ilford bado wanatengeneza Pan F ya ASA 50 na FP4 ya 125. Tafuta hizo. Kuzipata itabidi uagize au umtume mtu anayesafiri, na bei yake si ya kununulia chipsi.

Nyuma ya kamera ya sanduku kuna kidirisha chekundu cha kusomea namba za picha. Kiliwekwa enzi za filamu isiyoona nyekundu. Filamu za leo zinaiona, kwa hiyo kizibe kwa karatasi nyeusi, fungua tu unapozungusha ukiwa kivulini. Usipofanya hivyo utasafisha filamu ukute imeungua, uanze kumsingizia mchawi.

Huna mita ya mwanga? Huhitaji. Jua likiwaka bila wingu, weka tundu namba 16, na shata iwe moja chini ya ASA yako. ASA 50, basi sehemu moja ya hamsini. Kamera ikiwa na sitini, weka sitini. Wingu likitanda, fungua tundu hadi 8. Chini ya mwembe, hadi 4, na hapo jitahidi kukaza mkono. Kama uso wa mtu ndiyo unautaka, na sisi ni watu weusi, ongeza hatua moja zaidi. Shati likipoteza vifungo, lipoteze. Umempiga mtu, hukupiga shati.

Kusafisha ndiko kunawatisha wengi, maana zile maabara za picha za rangi zilizokuwa kila mtaa zimekufa. Nyeusi na nyeupe unasafisha mwenyewe: kopo lisiloingiza mwanga, dawa ya kusafishia, dawa ya kugandishia, maji. Chumba cha giza cha kuingizia filamu kwenye kopo ni usiku usio na mwezi chini ya mablanketi mawili. Dawa nyingi muda wake umeandikwa kwa joto la nyuzi 20. Maji ya bomba Kahama mchana sahau, yanapita hapo, na dawa ikiwa moto inakimbia. Tumia maji ya mtungini. Mtungi wa bibi ni friji, jaribu tu.

Mpaka hapa nimeongelea burudani. Lakini kuna kitu kinapotea wakati tunaongea.

Picha ile ya ukutani ni karatasi tu. Mama yake, yaani negativu, ilibaki kwa mpiga picha. Yule wa baiskeli aliyezunguka Ulowa, Bulungwa na Nyamilangano msimu wa tumbaku alizirudisha kwake, akazitia kwenye kopo la maziwa au boksi la viatu. Unguja kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, familia ikatunza kazi, na leo watu wananunua picha za Mji Mkongwe wa zamani palepale. Bwana picha wa Ushetu hana duka kwenye mtaa wa watalii. Akifariki, watoto wanagawana baiskeli na redio. Boksi la viatu linabaki darini, juu yake bati, jua likiwaka. Filamu za plastiki zikikaa kwenye joto na unyevu zinaanza kuoza, na harufu yake ni ya siki kabisa. Ukiona zimeanza kujikunja na kunuka siki, siku zake zinahesabika. Wengine wanawapa watoto wachezee, wengine wanachoma taka. Humo ndani pengine ndimo uso pekee wa bibi ya mtu uliowahi kupigwa duniani. Kitambulisho cha taifa hakikumkuta. Kaburi lake lenyewe, uliza ukoo, wapo wanaobishana liko upande gani wa mwembe.

Kwa hiyo ukienda likizo kijijini, ukipita kuwasalimu wazee, ulizia: bwana picha wa zamani hapa alikuwa nani, na watu wake wako wapi? Nenda kwa adabu, na sukari kilo moja mkononi, usiende kama mnunuzi wa vyuma. Omba uone boksi. Shika negativu pembeni tu, vidole visiguse katikati. Bandika karatasi nyeupe dirishani, shikilia negativu mbele yake, piga kwa simu, kisha geuza nyeusi iwe nyeupe kwa programu yoyote ya picha. Nyuso zitatoka, na zile zilizokuwa doa jeusi kwenye karatasi utashangaa: mara nyingi negativu ina jicho, ina mkunjo wa shavu, ambao karatasi ilishindwa kuubeba.

Kila moja itie kwenye bahasha yake ya karatasi, si ya nailoni, uziondoe darini uziweke sehemu ya chini yenye ubaridi. Na kabla mzee anayewafahamu watu hao hajalala, kaa naye, mwoneshe kwenye simu mmoja mmoja, uandike juu ya bahasha kwa penseli: jina, kijiji, mwaka, na ni nani kwa nani. Andika kwanza, ndipo utie negativu ndani, maana ukiandika ikiwa ndani utaichora uso.