Makinda wa Moo Pa walivyotolewa pangoni usingizini

JUNI 23, 2018, wakati macho ya mashabiki yako Urusi kwenye Kombe la Dunia, makinda 12 wa timu ya Moo Pa, yaani Nguruwe Pori, kaskazini mwa Thailand, walimaliza mazoezi wakapanda baiskeli hadi pango la Tham Luang. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 11. Aliyewaongoza ni kocha msaidizi, Ekkapol Chantawong, miaka 25. Mvua ikashuka, maji yakajaa nyuma yao, njia ikaziba.

Julai 2, wazamiaji wawili wa Uingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliwakuta hai, kama kilomita nne kutoka mlangoni. Dunia ikashangilia kama bao la dakika ya 90. Ila swali gumu likabaki: wanatokaje?

Wengi walipigia debe jibu jepesi, kwamba madogo wafundishwe kuzamia hukohuko ndani. Sasa, kuzamia pangoni ni habari nyingine kabisa. Juu ya kichwa kuna mwamba, kwa hiyo ukipata shida huwezi kuibuka ukavuta hewa. Anayejifunza lazima kwanza awe mzamiaji mzoefu wa maji ya wazi. Hufundishwa kugawa gesi ya mtungi mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Na ipo sheria moja naipenda sana. Mzamiaji yeyote, hata mwanafunzi, anaweza kusitisha mbizi muda wowote bila kuulizwa sababu. Hebu piga picha mchezaji wetu mwenye nyonga mbovu angepewa haki hiyo siku ya dabi!

Sheria hiyo ipo kwa sababu mwanafunzi hajui asichokijua. Akiambiwa yuko tayari, anaamini. Mzigo wote ni wa mwalimu, na wakati mwingine kazi yake ni kusema wazi kwamba somo hili halifundishiki kwa siku zilizobaki.

Stanton alishaona dalili. Siku chache kabla, yeye na mwenzake waliwatoa wafanyakazi wanne wa pampu waliokwama humohumo. Mbizi ilikuwa fupi tu, lakini watu wazima wale walihangaika vibaya chini ya maji. Mtoto akipaniki saa nzima ndani ya giza, anakufa yeye na huenda akamuua anayemwongoza.

Ndipo akaitwa Richard Harris wa Australia, daktari wa usingizi ambaye pia huzamia mapangoni. Wazo lilikuwa madogo wapigwe nusukaputi, wabebwe kama mizigo. Harris mwenyewe hakuamini kama wangepona. Na kifo kilishapita: Julai 6, Saman Kunan, komandoo wa zamani wa jeshi la majini la Thailand, alifariki akitoka kupeleka mitungi ya hewa.

Kule ndani, kocha na vijana wake walipanga nani atangulie. Wakakubaliana wanaoishi mbali zaidi watoke kwanza, maana walidhani watapanda baiskeli kurudi nyumbani na kupitisha habari kwa wengine. Hawakujua dunia nzima imejazana mlangoni.

Wapo waliomlaumu Ekkapol kwa kuwaingiza, na kweli alistahili lawama. Aliwaandikia wazazi barua ya kuomba radhi. Wazazi wakamjibu asijilaumu.

Kuanzia Julai 8, Harris aliwachoma sindano mmoja mmoja. Walivalishwa barakoa ya uso mzima na kufungwa mikono wasije kuivua wakizinduka. Wazamiaji wasio madaktari walifundishwa kuongeza dozi njiani. Wanne siku ya kwanza, wanne ya pili, na Julai 10 wanne wa mwisho na kocha wao. Wote 13 hai.

Fifa ilishawaalika kwenye fainali Moscow, Julai 15. Hawakwenda, bado walikuwa wodini.