Usiuze machozi kwenye fomu

HUENDA Jumapili hii umekaa sebuleni na fomu mbele yako. Wewe ni mzaliwa wa Sori, pale kwenye ghuba ya Karungu, lakini sasa unaishi Umoja au Kayole, na digrii yako imelala kabatini mwaka wa pili. Rafiki amekuletea habari kwamba shirika moja la uhisani linatafuta vijana kutoka sehemu na jamii zilizoachwa nyuma, liwafunze kazi ya kugawa misaada kwa muda wa mwaka mmoja, na posho juu. Umejaza jina, umejaza umri. Sasa umefika pale wanapokutaka ueleze ulikotoka, na kwa nini wakuchague wewe.

Kalamu inakwama kidogo, halafu inaanza kukimbia: "Mimi ni yatima. Kwetu ni maskini sana. Nyumba yetu inavuja..."

Hebu weka kalamu chini kwanza, tuzungumze.

HII SI BURSARI

Vijana wetu wengi hudhani kila fomu yenye neno ufadhili ni ndugu ya ile ya bursari inayopelekwa kwa chifu ipigwe muhuri. Fomu ya bursari huuliza una shida gani, na mwenye shida zaidi ndiye anayestahili kupewa. Ndiyo maana tumezoea tangu kidato cha kwanza kuhesabu misiba yetu na kuipanga kwenye mistari.

Nafasi ya kufunzwa uhisani ni kitu kingine kabisa. Hapa hujaitwa upokee. Umeitwa ukae upande wa pili wa meza, pamoja na wale wanaosoma maombi ya wengine na kuamua ni kikundi gani kitapata pesa na kipi kitarudi mikono mitupu. Utafunzwa kusoma bajeti, kutembelea miradi, kuuliza maswali na kutetea watu ambao hawamo chumbani.

Utauliza, basi kwa nini wamtafute mtu wa Sori? Kwa sababu kwa miaka mingi meza hiyo imekaliwa na watu wa namna moja. Mwaka wa 1971, Waamerika Weusi waliokuwa wakifanya kazi katika mashirika ya uhisani walipinga hadharani katika mkutano mkuu wa mashirika hayo mjini Montreal, kwa kuwa orodha ya waliopendekezwa kwenye bodi haikuwa na Mweusi hata mmoja. Kutokana na hasira hiyo kikazaliwa chama chao, ABFE, ambacho hadi leo huwaandaa Weusi kuwa viongozi katika kazi ya uhisani. Walichotaka ni kuwa na sauti pale pesa zinapogawanywa.

Hapa kwetu pia jambo hili si geni. Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kuweka mipango ili makundi madogo na yaliyotengwa yapate nafasi katika uongozi, elimu na kazi. Kwa hivyo usijione ombaomba unapojaza fomu ya namna hii.

WALIOTANGULIA

Watu wa Ziwa wana historia katika jambo hili. Mnamo Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Kenya kwa ndege kwenda vyuo vya Marekani. Mpango huo ulisukumwa na marehemu Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, Homa Bay. Mwaka uliofuata, wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 ili wengine wasafiri, na miongoni mwa walioondoka 1960 alikuwamo Wangari Maathai.

Pesa nyingi za safari hizo zilitoka kwa wahisani wa Marekani, lakini kazi ya kuchagua ilifanywa na Wakenya wenyewe, akina Mboya, Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri. Walijua shule zetu na walijua makwetu. Mgeni peke yake asingeweza kazi hiyo.

Miaka arobaini baadaye Wakfu wa Ford ulileta mpango wa masomo ya juu kwa watu waliokosa nafasi kwa sababu ya umaskini, jinsia, kabila, ulemavu au mahali walipozaliwa. Kati ya 2001 na 2013 ulisomesha zaidi ya watu 4,300 kutoka nchi 22, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Mpango huo ulikwisha, kwa hivyo usipoteze muda kuutafuta. Lakini kumbuka walichotazama. Kukosa nafasi kulikufungulia mlango tu. Ndani waliuliza umewafanyia nini watu wako, na ukisoma utarudi kufanya nini.

Hata karibu zaidi, huko Lwala, upande wa Rongo katika kaunti yetu ya Migori, kijana Milton Ochieng' alipata nafasi katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, lakini hakuwa na nauli. Wanakijiji waliuza kuku na ng'ombe wakachanga dola 900. Baadaye yeye na ndugu yake Fred walisomea udaktari, wakawapoteza wazazi wote wawili kwa Ukimwi, na mwaka wa 2007 zahanati ikafunguliwa kijijini mwao. Sasa niambie, mhisani wa kwanza katika kisa hiki ni nani? Ni yule mama aliyeuza kuku wake.

UNAJUA NINI WEWE?

Turudi Sori. Unadhani huna la kuandika zaidi ya shida? Fikiri vizuri.

Umewaona kina mama wakingoja mashua alfajiri, baada ya wavuvi kukesha na taa zao ziwani. Unajua omena huanikwa juu ya nyavu mchangani, na kwamba mvua ya saa moja inaweza kuharibu mtaji wa wiki nzima. Unajua bei ya gorogoro ikipanda na ikishuka. Unajua pia lile jambo la aibu linaloitwa jaboya, ambapo mchuuzi hudaiwa mwili wake kabla ya kuuziwa samaki.

Sasa tuseme shirika limeleta mikopo kwa wachuuzi hao, ilipwe kila wiki mwaka mzima. Kwenye karatasi huko Nairobi mpango unapendeza. Lakini mtoto wa Sori atauliza mara moja: je, ile miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, mama huyu atalipa kwa nini? Asiyelijua hilo atamwita mama huyo mdeni sugu, atamnyima mkopo wa pili, na pengine kumrudisha mikononi mwa jaboya.

Hilo ndilo shirika linalohitaji kutoka kwako. Halifundishwi chuoni, na wewe umelijua tangu utotoni.

Tena umeona misaada ikifika kwenu kwa namna nyingi. Iko ya kudumu, kama ile hospitali ya misheni ya St. Camillus pale Karungu na makao ya watoto ya Dala Kiye. Na iko ile ya kupiga picha, ambapo gari kubwa huja, watoto huimba, mabango huwekwa, kisha gari halionekani tena. Wewe ulikuwa miongoni mwa walioimba. Unaweza kueleza tofauti ya misaada hiyo miwili kuliko mtu yeyote aliyekuwa ndani ya gari.

SASA ANDIKA

Chukua karatasi nyingine. Mahali pa kusema "Kwetu ni maskini", andika ulichokiona na ulichokifanya. Kwa mfano: "Mama yangu aliuza omena Sori. Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa nikiandika daftari la chama chao cha wanawake kumi na wawili. Nilijifunza kwamba waliochelewa kulipa hawakuwa wavivu, kwani wote walichelewa miezi ile ile." Sentensi hizo zinataja kazi, idadi na fikira. Msomaji wa fomu ataona umaskini bila wewe kuutangaza, na ataona pia mtu mwenye akili ya kazi anayoitafuta.

Simwambii yatima afiche uyatima wake. Ikiwa kifo cha mzazi ndicho kilichokufanya uanze kulea wadogo zako, kitaje kwa sentensi moja ya kweli, kisha endelea na ulichokifanya. Kuna tofauti kati ya kusimulia msiba na kuuuza. Ukiuuza utalazimika kuuongezea chumvi, na kwenye mahojiano utaulizwa swali moja tu la ziada, uanguke.

Usiuze msiba wa mwenzako pia. Usitaje jina la mjane wa jirani wala ugonjwa wake bila ruhusa yake. Ukishindwa kumtunzia siri leo, utatunzaje za mamia watakaokuletea maombi kesho?

Kuhusu barua za kukupendekeza, usikimbilie mheshimiwa asiyekujua. Barua ya mwenyekiti wa kamati ya ufuo anayeeleza ulivyosaidia kuhesabu mapato ina uzito kuliko barua ya mbunge inayosema tu kwamba wewe ni kijana mwadilifu. Mwombe mapema, wiki tatu au nne kabla, na umpe maelezo ya nafasi yenyewe. Kitambulisho, vyeti na pasipoti viandae sasa, kabla tangazo halijatoka.

Chunguza pia kama nafasi yenyewe ingali ipo. Tangu 2025 serikali ya Marekani imepiga vita mipango inayowalenga waliotengwa, na shirika lake la misaada, USAID, limefungwa. Baadhi ya milango iliyokuwa wazi jana huenda imefungwa leo. Na yeyote atakayekuomba ada ya kushughulikia fomu yako ili upite, mkimbie. Shirika la kweli linalotaka kukupa halianzi kwa kukutoza.

NENO KWA WAZAZI

Nanyi wazazi, msimsukume mtoto alie kwenye karatasi kwa kuwa wazungu hupenda hivyo. Mnamfundisha kwamba kitu cha thamani alicho nacho ni majonzi yake. Badala yake ketini naye mmkumbushe. Ni nani aliyelipa karo ya binamu yake? Mazishi ya babu yaligharimu nini, na michango ilitoka kwa akina nani? Chama cha mama kiliwahi kuvunjika kwa sababu gani, na kikafufuka vipi? Majibu hayo ni elimu ya uhisani, na mmekuwa nayo nyumbani siku zote.

Akikosa nafasi, na wengi hukosa, asichane karatasi yake. Na airudie, aisome, aipeleke kwingine. Ile fikira kuhusu miezi ya kufungwa kwa omena inaweza kupelekwa kwenye sako, kwenye kaunti, hata kwenye chama cha mama mwenyewe Jumapili ijayo, na ikawafaa kabla mhisani yeyote hajajibu.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wanakijiji wa Lwala hawakuwa matajiri walipouza kuku wao. Ndugu msomaji, shika kalamu sasa, urudi kwenye fomu. Anza na mambo ambayo Sori ilikufundisha.