Vinyago vya Tabaka vinapendeza machoni, lakini je, kinywani mwa mtoto?

Ukifika Tabaka, katika eneo la Mugirango Kusini huko Kisii, utawakuta mafundi wakichonga tembo, viboko na ndege wadogo kutokana na jiwe laini ambalo wengi huliita jiwe la sabuni. Vinyago hivyo, pamoja na shali na soksi za uzi ambazo akina mama wa Kisii na Nyamira hufuma kwa mikono, hupamba vyumba vya watoto wachanga katika nyumba nyingi za mijini. Ni kazi nzuri, na mimi mwenyewe huzinunua kama zawadi. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba pambo la kuwekwa juu ya kabati na kichezeo cha mtoto ni vitu viwili tofauti.

Mtoto huanza kupeleka vitu kinywani akiwa na umri wa miezi 3 au 4, na tabia hiyo huweza kuendelea hadi afikapo miaka 3. Hiyo ndiyo njia yake ya kuvijua vitu, na kumkemea hakusaidii. Jiwe la Tabaka hukatika kwa panga na kisu, ndiyo sababu wachongaji hulipenda. Kwa sababu iyo hiyo, sikio la tembo au mdomo wa ndege huvunjika kwa urahisi kinyago kiangukapo sakafuni. Kipande hicho kinatosha kuziba koo la mtoto. Kipimo rahisi ni kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki baada ya karatasi ya choo kwisha. Chochote kinachopenya ndani yake, iwe shanga, kifungo au jicho la mwanasesere, hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3.

Mtoto akisakamwa lakini angali anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe. Asipoweza kulia wala kupumua, na hajatimiza mwaka 1, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, kisha umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, mgeuze chali na umbonyeze katikati ya kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara 5. Endelea kubadilisha hivyo huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Usitumbukize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, kwani utakisukuma ndani zaidi.

Kuhusu rangi, muulize fundi ametumia nini. Rangi nyingine za mafuta zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi hudhoofisha ubongo wa mtoto na kumpunguzia damu, na huenda usione dalili yoyote mpaka ashindwe na masomo. Fundi akikwambia hajui rangi ilitoka wapi, nunua kinyago kisichopakwa rangi. Kwa maoni yangu, jiwe la Tabaka hupendeza zaidi likiachwa na rangi yake ya asili.

Tukija kwenye uzi, kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Soksi ya kufumwa huwa na nyuzi zinazolegea upande wa ndani. Uzi mmoja ukizunguka kidole cha mguu, hukikaza hadi damu ishindwe kupita. Mtoto hulia usiku kucha, naye mama hudhani ni tumbo au meno. Kabla ya kumvisha, igeuze soksi nje-ndani na ukate kila uzi unaoning'inia. Mtoto akilia bila kunyamaza, mvue soksi na utazame vidole kimoja kimoja. Ukiona kimevimba na kuwa chekundu au cheusi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Najua baridi ya Nyamira, hasa mvua inaponyesha. Lakini mto wa mapambo na shali nzito iliyolegea havifai kuwa kitandani na mtoto wa chini ya mwaka 1, kwani vinaweza kumfunika pua. Mvike nguo za kutosha na umlaze chali. Mapambo ya kuning'inizwa juu ya kitanda yaondolewe mara mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono. Kile chandarua cha lesi kinachopendeza hakiwezi kuchukua nafasi ya chandarua chenye dawa, maana malaria bado ipo katika milima yetu.

Tusiwasahau watoto wa hao wanaotengeneza vitu hivi. Huko Tabaka aghalabu wanaume huchonga, nao wanawake husugua kwa msasa na maji. Maji hupunguza vumbi, lakini kuchonga na kukata jiwe kavu hulirusha hewani, na vumbi la mawe likivutwa kwa miaka mingi hutia mapafu makovu. Mtoto asibebwe mgongoni mahali pa kuchongea. Mama abadilishe nguo na kunawa kabla ya kumnyonyesha. Beseni la kusugulia nalo limwagwe kila kazi inapokwisha, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kufa maji katika kina cha sentimita 5 tu.